Mvuje wa Mama

Kule Unguja, ndugu yangu Pandu alikuwa akitoboa viua vya kofia vidogo hata wazee wakivaa miwani kuvikagua. Aliponifuata ughaibuni, Rosettenville, kokeini ikamla. Kufika 2017 mkono ulikuwa unatetemeka, sindano inamchoma yeye badala ya kitambaa. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena.

Chuo kimoja huko Doornfontein kilikuwa kinajaribu vidonge vya kulainisha makohozi, ati vinaurudishia mwili kinga inayoliwa na kokeini, na hamu ikapungua. Ni wiki kumi na mbili. Nusu ya wagonjwa hupewa dawa ya kweli, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna anayeambiwa kapewa ipi.

"Dada, nikijua vyangu vya uongo, siendi tena," Pandu aliniapia. "N'tajua tu. Dawa yenyewe inanuka yai viza."

Alileta chupa, akaiweka mezani, akaenda kuoga. Mimi huyo, nikaifungua. Haikunuka chochote.

Mfa maji haachi kutapatapa. Sandukuni nilikuwa na mvuje, ule utomvu unaonuka kulishinda yai viza. Mama alikuwa akimfunga Pandu kipande chake mkononi kwa uzi mweusi alipokuwa mchanga, mashetani yasimsogelee. Nilipoufungua nikamwona mama jikoni, kanga kiunoni, Pandu mgongoni akimvuta sikio. Nikausugua ndani ya kifuniko, nikafunga.

Pandu alipotoka akafungua chupa, akanusa mara mbili.

"Vya kweli," akasema, akameza.

Kila wiki alikuja na chupa mpya, na kila wiki nikasugua. Wiki ya tisa akaniomba sindano na uzi.

Siku ya mwisho nilimsindikiza kliniki. Mkojo wake ulikuwa safi tangu wiki ya tano. Nesi akafungua chupa kuhesabu vilivyobaki, akarudisha kichwa nyuma.

"Eish! Nini hiki?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Mvuje," Pandu akamjibu. "Wa mama yetu."

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Dada, si mimi niliyefungwa ule uzi? Nilijua tangu chupa ya kwanza."

"Na uliapa hutokwenda tena!"

Pandu akaichukua ile chupa mkononi mwa nesi, akainusa tena, bila haraka.

"Niliapa," akasema. "Lakini kila nikifungua, yuko pale, kaja kunibeba."