Mshenga Yuko Getini

1.
TANGAZO KWA WAKAZI
Kanuni ya tatu: Ni marufuku kumtajia mtu wa nje mahali nyumba hii ya hifadhi ilipo. Atakayekiuka ataondoka siku hiyohiyo.

2.
Tumpe alisomewa kanuni hiyo siku aliyopokelewa, jicho moja limevimba, mtoto mgongoni. Akaweka sahihi.
Siku ya tisa akampigia simu mshenga, akamwelekeza mpaka getini.

3.
Usimcheke, wewe unayesoma. Kijijini kwao mke hatoki kwa mumewe kimyakimya kama kuku aliyeibwa. Mzee aliyeleta posa ndiye wa kuambiwa. Mama yake alimfunza hivyo. Tumpe hakujua kwamba mshenga naye ni mtu wa nje.

4.
Alivyokuja navyo:
kanga mbili
kadi ya kliniki ya mtoto
sufuria isiyo na mfuniko
usingizi wa miaka minne, haujalalwa

5.
Jikoni, saa nne asubuhi.
— Kuna mzee getini.
— Wa nani?
— Anasema wa Tumpe.
Mwiko ukasimama ndani ya uji.

6.
Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu ina ukuta usio na tofali.

Jibu: kimya.

Na Tumpe alikuwa ameutoboa.

7.
Mama Lugano, mlezi wa nyumba, akatoka na Tumpe. Mzee Mwakalobo, yule mshenga, hakuomba kuingia. Alisema amekuja peke yake. Anyelwisye, yule mume, hajui lolote, bado anamtafuta mkewe kwa mashangazi. Kisha akavua kofia.
"Mwanangu, nilikwambia huyu ni mpole. Niliambiwa, nikasadiki. Nimekuja uniangalie usoni nikisema nilikosea."
Tumpe akataka kumwambia kwamba—
Mtoto akapiga chafya. Mzee akamwombea afya, akaaga.

8.
FOMU YA TUKIO
Mkazi: Tumpe
Kosa: Kutaja mahali
Hatari kwa nyumba:

Hapo Mama Lugano aliacha wazi. Alieleza taratibu, bila kufoka, kwamba mzee akinyamaza, yeye ataichana fomu. Asiponyamaza, wanawake kumi na mmoja na watoto wao watafunga mizigo kabla ya jua kutua.
"Nakuuliza moja tu, binti yangu. Unamwamini?"

9.
Tumpe akachungulia kwenye tundu la geti. Mzee alikuwa akiteremka polepole, mkono mmoja kiunoni. Alipofika kwenye kona akasimama. Akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatafuta namba.

"Ngoja kwanza, mama," Tumpe akasema.

Mzee akaiweka simu sikioni.