Waya wa Yusra

Waya wa kifaa cha kusikia cha Yusra ulikatika msimu wa kuchuma zeituni, na katika mji wetu wote wa Sfax, Tunisia, hapakuwa na mwingine. Wifi yangu Rafika akauagiza Ujerumani. Tangu hapo Yusra, mwanawe wa miaka mitano, akawa hasikii hata radi, naye Rafika hapati usingizi.

Kila asubuhi alikwenda posta.

"Bado, dada. Vuta subira."

"Subira gani, kaka? Mtoto hasikii magari!"

Mama yangu akamtania, "Hicho kifurushi chako kinakuja kwa miguu, nini?" Rafika hakucheka. Alifunga mlango wa ua, ufunguo akauvaa shingoni.

Ijumaa moja alimfungulia mleta gesi, naye akaondoka bila kuurudishia mlango. Rafika alipotoka jikoni, ua ulikuwa mtupu.

"Yusra!" Kisha akaziba mdomo. Anamwita nani?

Tulikimbia, yeye na mimi. Nyuma ya nyumba zetu inapita reli. Yusra alikuwa amechuchumaa katikati yake, ametupa mgongo, anachezea kokoto. Honi ya treni ya kubeba madini ya fosfeti ikalia kwenye kona. Rafika alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Bado tulikuwa mbali.

Mtoto akaweka kiganja juu ya chuma, kama afanyavyo nyumbani kwenye mashine ya kufulia ajue kama inazunguka. Akainuka. Hapohapo treni ikapita mbele yetu, na hatukuona kama alikuwa ametoka.

Mabehewa hayakuwa na mwisho. Rafika alilala kifudifudi, akichungulia katikati ya magurudumu, huku akisema, "Mola wangu, Mola wangu." Mimi sikuthubutu kutazama.

Behewa la mwisho lilipopita, Yusra alikuwa amekaa kwenye mteremko ng'ambo ya reli, kokoto zimejaa kwenye sketi.

"Imetikisika," alisema.

Rafika alimpiga kofi, akamkumbatia, akampiga tena, wote wakilia.

Waya ulifika zeituni zote zimeshachumwa, mwembamba kama uzi, ndani ya boksi la kutosha kuku. Yusra alivalishwa, akasikia karatasi ya boksi ikichakarika, akacheka kwa kelele. Jioni ileile nilimkuta Rafika ameinamia simu, anaagiza waya mwingine.

"Wa nini tena, na huu ni mzima?"

"Utakatika tu, Munia. Bora nianze kusubiri sasa, angali anasikia."