Vidole vya Bi Ruqaya

"Tena, mama. Bonyeza kidogo zaidi."

Bi Ruqaya akabonyeza. Kioo cha mashine kilikuwa baridi, na kidole chake cha shahada kilikwisha kubonyezwa pale mpaka ukucha umekuwa mweupe. Taa ya kijani ikapita chini ya kioo, ikasita, kisha ikawaka ile nyekundu. Mutasim, kijana wa dirisha la viza, akakifuta kioo kwa kitambaa, akampa na yeye karatasi laini ajifute, wakaanza upya. Nyekundu.

"Labda mashine yako mbovu," alisema Bi Ruqaya.

"Mashine nzima, mama. Aliyekutangulia imemsoma mara moja tu."

Kijana alikuwa ameacha Kiarabu tangu aliposikia "lahaula" ya Bi Ruqaya, lahaula iliyotoka Unguja moja kwa moja bila ya kupumzika njiani. Siku nyingine Bi Ruqaya angemuuliza wao ni watu wa wapi na bibi yake nani, na pengine wangekuta wana udugu. Leo hakuwa na moyo huo. Alitaka viza yake, basi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nnashona kofia."

"Za mkono?"

"Kwani ziko nyingine?"

Mutasim akacheka, akaomba aione mikono. Akaigeuza polepole chini ya taa ya mezani. Ncha ya kidole cha shahada, inayosukuma sindano, ilikuwa ngumu na inang'aa. Dole gumba la kushoto, linaloipokea sindano upande wa pili wa kitambaa, lilikuwa na vidoa vidogo vidogo vilivyokwisha kupona zamani. Vidole vingine havikuwa na afadhali kubwa.

"Hapa hamna kitu, mama. Mistari yote imefutika."

"Imefutika vipi? Mkono si wangu?"

"Wako. Lakini mashine haikujui." Akashusha sauti, maana foleni nyuma ilianza kuguna. "Naweza kuandika kwamba vidole havisomeki, ila maombi yatazunguka sana, na nyinyi safari yenu Januari. Bora upumzike. Wiki mbili usishike sindano, paka mafuta ya nazi, kisha urudi kwangu."

Wiki mbili! Bi Ruqaya alichukua pasipoti yake akatoka bila ya kuaga, jambo ambalo si tabia yake. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka masikioni. Arusi ya Jaifar, mtoto wa kaka yake, ilikuwa imekaa palepale, mwisho wa hizo wiki mbili, na kofia ya bwana arusi ilikuwa haijakwisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya Norwei, kaskazini kabisa, kwenda kuangalia ile mianga ya kijani inayotambaa mbinguni wakati wa baridi. Mwanamke mmoja anayeitwa Ruba alikuwa akikusanya kundi la wanawake peke yao wa Maskati, wake za watu na wajane na wasiokuwa na mume kama Bi Ruqaya, na alisisitiza kwamba nafasi ni chache na hamsubiri mtu. Bi Ruqaya aliiona mianga hiyo mara ya kwanza kwenye simu, akaitazama mpaka chai ikapoa. Tangu usichana wake alikuwa ameangalia vitu vilivyo mbele ya pua tu: kitobo, uzi, kitobo, uzi. Alitaka mara moja aangalie kitu cha mbali, kikubwa, ambacho hakimhitaji yeye akimalize. Hilo hakumwambia mtu. Aliowaambia anakwenda kutembea walimwona kachanganyikiwa.

"Watu wakikimbia baridi wewe unaifuata," alisema wifi yake Mahbuba siku alipoleta nyumbani koti zito la safari hiyo. Wanaishi pamoja mtaa wa Khuwair ya Kusini, yeye na kaka yake na huyo wifi, na nyumbani hapo hakuna jambo la mtu mmoja. Bi Ruqaya alikuwa amelijaribu koti dukani, kiyoyozi kinavuma, na bado jasho lilimtiririka mgongoni. "Na ati huko jua halitoki kabisa. Sasa adhuhuri utaijuaje?"

"Tunafuata saa za mji ulio karibu. Ruba kauliza shekhe."

"Ruba, Ruba. Ruba atakushonea kofia ya mtoto?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Katika ukoo wao kofia ya bwana arusi hushonwa na shangazi. Baba yao alishonewa na shangazi yake hukohuko Unguja, kaka yake akashonewa na shangazi yao, na Jaifar alipozaliwa Mahbuba mwenyewe alimwekea mtoto mapajani akamwambia, "Kofia yake kwako." Miezi kadhaa sasa alikuwa akiishona: kitambaa cheupe, uzi mweupe, ua juu ya ua, vitobo vidogo visivyoonekana mpaka uinyanyue kwenye mwangaza. Duara la juu lilikwisha. Ubavu ulibaki robo.

Jioni ile ya siku ya mashine, baada ya magharibi, alisema mbele yao wote kilichompata. Kaka yake akafuta miwani. Mahbuba akasema, "Basi Mungu hakutaka." Bi Ruqaya akamtazama kwa jicho ambalo lingeweza kutoboa kitambaa.

Ni Jaifar aliyesema la ajabu. "Shangazi, we pumzisha vidole vyako. Kofia ntanunua sokoni Matrah. Ziko tele za mashine, nzuri kweli, hata mtu hatambui."

"Hatambui nani?"

"Mtu yeyote. Nani ataniangalia kichwani?" Alicheka, akambusu kipaji cha uso, akaondoka na funguo zake za gari. Alikuwa na nia njema, mtoto wa watu, na Bi Ruqaya alijua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angegombana naye angepata pa kushika. Lakini alipewa ruhusa, na ruhusa ile ilikuwa na maana kwamba kazi yake ya maisha haikuwa na haja. Usiku huo alikunja kofia ndani ya shuka, akaisukuma chini ya kitanda, akajipaka mafuta ya nazi kwa hasira.

Siku za kupumzika zilimtesa. Mikono ilikuwa haijui pa kukaa. Akikaa kwenye kiti, kidole cha shahada kinasugua dole gumba chenyewe, kinatafuta uzi. Akienda jikoni, Mahbuba anamnyang'anya sahani: "Wacha, wacha, utakwangua mistari yako!" na anacheka peke yake. Ruba akituma ujumbe wa sauti kila siku, leo soksi za sufi, kesho fulana za ndani, keshokutwa mwenye pasipoti isiyopigwa muhuri aseme mapema. Bi Ruqaya alikuwa akizisikiliza jumbe zile huku akisonya. Alimkasirikia Ruba kwa haraka zake, Mahbuba kwa mzaha wake, kaka yake kwa ukimya wake, na mashine kwa kutomjua. Jaifar hakumkasirikia, na hilo nalo lilimchosha.

Lakini ngozi ikafanya kazi yake. Ikachunika kidogokidogo, ukatoka utando mkavu, chini yake pakawa pekundu na laini. Bi Ruqaya alikuwa akizigusa ncha za vidole akishangaa: kila kitu kilikuwa kikali zaidi, chumvi, maji ya moto, ukingo wa karatasi.

Siku mbili kabla ya arusi akarudi dirishani kwa Mutasim. Akaweka kidole. Taa ya kijani ikapita, haikusita. Vidole vyote, kimoja baada ya kingine.

"Mabruk, mama! Sasa ngoja viza." Mutasim akaigeuza skrini amwonyeshe. Mistari myembamba ilizunguka na kuzunguka, safi, ya mtu ambaye hajafanya kazi. Bi Ruqaya akaitazama akatikisa kichwa tu, maana hakuona furaha aliyodhani ataiona.

Akafika nyumbani, akaswali laasiri, akafunga mlango wa chumba. Akaitoa kofia chini ya kitanda. Robo tu, alijiambia. Akikaza leo na kesho, robo itakwisha, na yule mtoto atavaa kitu cha haki, atambue mtu asitambue. Akatunga uzi, akaisukuma sindano.

Kisigino cha sindano kikaingia kwenye kidole kama kwenye siagi.

Akanyonya damu, akajaribu tena kwa ukingo wa kidole. Ikaingia tena. Akafunga plasta, na plasta ikawa haimwachii kuusikia uzi, mshono ukaenda kombo, akaufumua. Akaivua. Mara ya nne damu ilimponyoka ikadondoka kwenye ubavu mweupe, tone dogo, jekundu kabisa. Akatema mate juu yake haraka, akafikicha, maana damu ya mtu huondoka kwa mate yake mwenyewe. Ikafifia, ikabaki rangi ya chai. Bi Ruqaya akatamka neno ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ya kaka yake. Kisha akalia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu tupu, kwamba mikono ileile haikuweza kumpa vyote viwili, viza na kofia.

Mlango ukagongwa. "Shangazi, naingia?"

Akaifunika kofia kwa mtandio, akavizungushia vidole kitambaa. Jaifar aliingia na kanzu yake mpya na kofia ya Matrah mkononi, bado ina karatasi ndani. Alikuwa anang'ara. Bila ya kuambiwa akapiga magoti mbele yake kwenye zulia, kama alivyopiga baba yake, kwa kuwa shangazi ndiye anayemvisha bwana arusi.

"Nivishe wewe. Tuone kama itanikaa."

Bi Ruqaya akaichukua. Ilikuwa nyepesi, vitobo vyote sawa, vilivyopangwa na kitu kisichochoka. Akaitoa karatasi, akaishika kwa viganja ili vidole visiguse weupe wake, akamvika, akaivuta mbele kidogo, akairudisha nyuma. Ilimkaa vizuri mno.

"Mbona vidole vimefungwa, shangazi? Umefanyaje?"

"Vimelainika," alisema.

Jaifar akambusu mkono juu ya kitambaa, akatoka kwenda kujionyesha kwa mama yake. Vigelegele vya Mahbuba vikapanda ukumbini. Bi Ruqaya alibaki amekaa, akivisikiliza mpaka vikaisha. Kisha akalivuta begi la safari pembeni ya kabati, akalifungua, akaiweka kofia yake ndani baina ya sweta mbili nzito, sindano imechomekwa palepale alipoishia.