Ngamia wa Fundi Treni

Mabrouka alishuka treni mjini Gabès, kusini mwa Tunisia, akiwa na begi mgongoni, na jambo moja tu moyoni: kumtafuta ngamia wa baba yake. Marehemu alikuwa fundi wa treni mjini Tunis, na miaka nenda miaka rudi aliwaambia majirani kwamba ana ngamia huko kusini. Walimcheka. Mtu anaishi ghorofa ya tatu, huyo ngamia anamfunga wapi? Kila likizo alikwenda huko peke yake na kurudi ananuka moshi. Alipofariki hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha maneno hayo, na binti mbishi aliyeapa kuyathibitisha.

Teksi ya abiria wengi ilimfikisha Douz, ukingoni mwa jangwa, kwa Ami Belgacem, ndugu wa baba yake. Mzee hakuzunguka. Ngamia yupo, alisema, jike mweupe, amechanganyika na wengine kisimani, mwendo wa siku tatu. Anayewachunga ni mwanawe, Lamjed.

"Lakini kwetu hatukabidhiani kwa karatasi, mwanangu. Mwenye ngamia humjua ngamia wake. Nenda ukamtoe kundini mwenyewe. Ukimpata, wako. Ukikosea, anabaki kwa Lamjed, na maneno yaishe."

"Si ana chapa?"

"Chapa ni moja, ya ukoo mzima."

Lamjed, aliyekuwa amekuja mjini kuchukua mahitaji na kuketi mlangoni, aliangua kicheko. "Binti ami, bora nikukatie tikiti ya kurudi."

"Kata mbili," alijibu Mabrouka. "Ya pili ya ngamia."

Alfajiri wakaondoka pamoja kwa miguu, na ngamia wa mizigo nyuma yao. Maneno yalikuwa rahisi, miguu ndiyo iliyokiona cha mtema kuni. Alikuwa amenunua viatu vya bei mbaya, virefu, vya kamba, na kufikia adhuhuri ya kwanza vilikuwa vimejaa mchanga. Siku ya pili malengelenge yalipasuka. Akavivua, akavining'iniza begini, akapanda matuta peku huku akiuma meno.

"Panda ngamia wa mizigo," Lamjed alisema. "Hapa hakuna wa kukucheka ila mimi."

"Wewe mmoja unatosha."

Baada ya hatua chache Lamjed alitoa ndara zake za akiba, akamtupia. Walipopumzika alifukua mkate aliouzika chini ya mchanga wa moto, akaupangusa na kumkatia kipande kikubwa. Mabrouka aliula na chembe zake za mchanga, na hakukumbuka kula mkate mtamu kama ule. Hata hivyo hakumwamini. Ndara ni ndara, na ngamia ni ngamia.

Siku ya tatu kabla ya jua kupanda sana walifika kisimani. Ngamia walikuwa kama arobaini, wa koo mbili. Mabrouka alijipenyeza katikati yao, na wote walimtazama kwa dharau ile ile. Weupe aliwahesabu kumi na wawili. Mmoja, mrembo wa shingo ndefu, alimjia akamnusa bega, na moyo wake ukaruka. Akanyoosha mkono. Hapo akamwona Lamjed amemkodolea macho kama mtu anayeombea kosa. Akaurudisha mkono, na hofu ikamshika. Kutoka Tunis mpaka hapa, aje kumpoteza baba yake kwa kidole kimoja?

Ng'ambo ya pili, mchungaji wa ukoo jirani, mama aliyeitwa Tebra, alimaliza kujaza hori lake. Akainua uso, akaita kwa sauti ndefu ya kuyumba. Ngamia wanane wakachomoka kundini wakaenda kunywa. Wengine hawakugeuza hata sikio.

Mwito ule Mabrouka hakuujua, lakini mwito mwingine wa namna hiyo aliujua tangu utotoni. Baba hakuwahi kuwaita watoto wake kula kwa majina. Alisimama dirishani, akavuta sauti moja ndefu iliyopanda na kushuka, akamalizia kwa kupiga ulimi kaakaani mara mbili. Mtaa mzima ulicheka, naye Mabrouka aliona haya miaka na miaka.

Akapanda ukingo wa kisima, akaita. Sauti ilitoka nyembamba, ya haya. Lamjed akacheka. Mabrouka akaita tena, safari hii kama baba, bila kumwonea haya mtu yeyote.

Jike mmoja mweupe, mzee, mdomo umelegea, ambaye Mabrouka alimpita mara mbili bila kumjali, aliinua kichwa. Akaja. Nyuma yake akaja kijana wake, kisha wengine wanne, na mwisho ndama akijikwaa kwa miguu yake. Saba!

Lamjed alisimama. "Wako ni yule mzee tu! Hawa wengine..."

"Hawa wengine nini?" Tebra alimkata. "Ndama hufuata mama. Binti kaita, wamekuja. Unataka shahidi gani tena, Lamjed, ngamia wale kiapo?"

Lamjed aliwatazama ngamia saba, akamtazama binti ami yake, mara akashikwa na kicheko hata akakaa chini. "Kwa hiyo ami yangu alikuwa akikuiteni kula kama ngamia!"

"Na tulikuwa tunakuja," alisema Mabrouka.

Akajaza hori kwa mikono yake, ndoo baada ya ndoo. Yule jike mzee aliinamisha shingo akanywa, na Mabrouka akacheka huku machozi yakimtiririka. Kisha akaita tena kwa sauti ya baba yake, ingawa wote saba walikuwa wamekwisha kufika.