Majina Yaliyobaki Kwenye Kaboni

Tangu saa moja asubuhi Yunusu, karani wa kijiji, alikuwa dirishani ameinua karatasi ya kaboni kwenye jua, jicho moja kalifumba. Faili la mikorosho lilikuwa limeliwa na mchwa kabatini, likabaki jalada na udongo. Humo ndimo ilimokuwa hesabu ya mikorosho yote watu waliyoiacha walipopakiwa kwenye malori kuhamishiwa kijijini mwaka sabini na nne. Saa sita mgeni kutoka juu angekuja kuchukua orodha. Mkorosho usio na maandishi ni mali ya kijiji, na kijiji, hilo halikuwa siri, ni katibu na mashemeji zake.

Kaboni ilikuwa bado na alama za mashine ya chapa. "Mwanaasha binti Likwata," alisoma, "mikorosho..." Basi. Juu ya idadi palikuwa pamepigwa risala ya kumkaribisha mkubwa fulani, na juu ya risala, majina ya wacheza ngoma wa mkubwa huyo huyo. Kaboni zililetwa moja moja, naye hii moja aliitumia mwaka mzima mpaka ikawa kama chujio. Alisifiwa mkutanoni kwa kubana matumizi. Akapiga makofi pamoja na wenzake.

"Unachungulia peponi?" Katibu Sipriani aliingia na bahasha kwapani.

"Natafuta idadi, ndugu katibu. Bi Mwanaasha yuko nje, anaijua kwa kichwa. Arobaini na sita."

"Hata mimi kwa kichwa nina mia. Piga barua kwamba wenye mikorosho walihama kwa hiari, hawadai kitu. Waweke dole gumba." Alitupa bahasha mezani. "Kaboni mpya hizo. Pakiti nzima."

Yunusu akapiga. Nakala nne zikatoka safi, hata nukta zilisomeka.

Bi Mwanaasha aliingia, kandambili kaziacha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata mikorosho yangu? Maana lori lile nililipanda kwa neno lako. Ulisema, panda mama, yako nimeshaiandika."

Katibu alikuwa akisafisha miwani.

"Imo humu, mama," Yunusu alisema, bila kumtazama.

Akamshika dole gumba, akalichovya kwenye wino. Lilikuwa limekomaa kwa jembe, alama haikutoka.

"Kandamiza sana, mwanangu," alisema bibi. "Isije ikapotea tena."