Saa Nane na Nusu ya Shakila

Jumatano, saa nane na robo mchana, Shakila, fundi cherehani wa Ruponda, alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, amepakata mfuko wa nguo. Hakuwa ameoga tangu Jumapili saa tisa alasiri, Habibu alipombaka kwenye banda la kupimia korosho. Mama yake mdogo, Mwanaheri, aliyeketi kando yake, ndiye aliyemkataza kuoga na kufua, kwa kuwa nguo ni ushahidi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI nayo ina saa sabini na mbili tu tangu tukio. Zilibaki dakika arobaini na tano.

Nesi hakuwa mkali. Alikuwa akinywa chai.

"Fomu ya polisi iko wapi? Bila PF3 simgusi."

Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo: MATIBABU KWANZA, FOMU BAADAYE. Alikuwa ametundika mwavuli juu yake.

Yeye na Mwanaheri walishakwenda polisi mara tatu. Fomu zilikuwepo, muhuri ndio ulikuwa kabatini, na afande mwenye ufunguo alikuwa Ruangwa mafunzoni. Mafunzo yenyewe, jamani, yalikuwa ya namna ya kuwahudumia waliobakwa.

Saa nane na nusu jua likasimama.

Kivuli cha mlingoti wa bendera kilifika tofali la tatu kikakaa hapo. Adhana ya alasiri haikusikika, kwa kuwa alasiri haikufika. Watu walilala walipochoka, wakaamka, wakalikuta jua palepale. Ilijulikana upesi kwamba huo ni muda wa Shakila, umegoma kuisha kabla hajatibiwa. Hakuna aliyebisha. Wakulima walitoa korosho nje wakaanika.

Mwanaheri alidhani sasa watahangaika. Wapi!

"Si muda upo?" alisema nesi, akaagiza chai nyingine.

Polisi nao wakasema muda upo. Afande mwenye ufunguo alipopigiwa simu alieleza kwa upole kwamba mafunzo yanafungwa Jumatano jioni, na jioni haijafika.

Mjomba Masoudi, ambaye katika ukoo ule ndiye mwenye neno juu ya mpwa, alikuja akikokota mbuzi wa Habibu.

"Mpwa wangu, haya yaishe nyumbani. Mbuzi mwenyewe amenona."

"Mjomba, uliniuliza?"

"Nimeongea na wazee."

"Basi kamleni na hao wazee. Mimi nataka dawa, kisha nataka mahakama."

Mjomba alimfunga mbuzi kwenye mlingoti, kwamba labda mtoto atatulia afikiri. Inachosha hata kusimulia.

Baadaye, kama neno hilo lilikuwa bado na maana, walifika wanawake watatu kutoka Nambambo na kapu la mihogo. Shakila alisogea wapate pa kukaa. Tangu Jumapili hakuna aliyekuja kumpa pole, na alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, tumekuja kukushukuru," alisema mkubwa wao. "Korosho hazijawahi kukauka hivi. Sasa hiyo fomu ikipatikana, tunakuomba usiwe na haraka. Tuna magunia bado mabichi."

Mwanaheri aliwarudishia kapu lao. Waliondoka wakisema amechoka tu, maskini.

Shakila aliupakata upya mfuko wake.

"Mama mdogo, nitaoga lini?"

Mwanaheri alitazama saa ya ukutani, kwa mazoea tu.