Mshono wa Mkono wa Kushoto

Pikapu ya marehemu baba ilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya kaka yangu kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakukosekana mtu wa kusema kwamba itatengenezwa mwakani. Mimi sikusema hivyo hata mara moja. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza katika maktaba ya shule, nikigonga mihuri ya tarehe za kurudisha vitabu, na huko nilijifunza kiasi cha imani kinachostahili kuwekwa katika tarehe iliyoahidiwa na mtu mwingine.

Kilichobadili mambo ni kiharusi. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaani walimwita Cherehani, kwa sababu mishono yake ya chuma ilipangika kama ya fundi nguo mwenye mashine nzuri. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Uso ulirudi, ulimi ulirudi, mguu ulirudi shingo upande, mkono haukurudi. Karakana ikafungwa. Aliketi mlangoni miezi mitano akiyatazama yale mawe na kilichokaa juu yake, kisha asubuhi moja akamwambia mkewe kwamba pikapu itatembea.

Shemeji alikuwa na sababu ya kumkubalia. Anafyatua matofali ya saruji katika kiwanja kilicho upande wa pili wa barabara, na kila oda kubwa ilimlazimu kukodi gari la mtu, ambalo lilikula faida na kufika saa lilipotaka lenyewe. Mimi niliitwa kwa kuwa nilikuwa nimestaafu na nilikuwa na mikono miwili.

"Huyu hajui hata spana," Kaka alimwambia mkewe, mbele yangu.

"Anajua kusoma namba zilizoandikwa juu yake," Shemeji akajibu. "Ukitaka kumi na tatu atakupa kumi na tatu. Unataka nini zaidi?"

"Nataka asitoe hotuba."

"Hilo sikuahidi."

Hatukuwa na fedha, kwa hiyo tulitumia muda. Vipande vidogo tulivitoa kutu kwa kuvitumbukiza katika pipa la plastiki lenye maji na magadi, tukaviunganisha na chaja ya betri. Maji yakageuka rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama tumeanza kupika sabuni. "Tunapika breki," Kaka alimjibu. Kiti kilishonwa upya kwa turubai la lori. Kioo cha upande wa dereva kilitoka kwa muuza vyuma chakavu, ambaye alituuzia pia kitasa cha mlango, akiapa kwa uhai wa watoto wake wote kwamba ni cha gari la aina hii. Hakikuwa. Tulikitobolea matundu mapya, na watoto wake, kwa kadiri ninavyojua, ni wazima.

Injini iliwaka katika mwezi wa nne wa kazi. Ilitoa moshi mweusi, ikazima, ikawaka tena, ikatulia. Shemeji alitokwa na machozi, akasema ni moshi. Kaka alikuwa amelala chali chini ya gari akiitazama chasi.

Chasi ndiyo iliyokuwa tatizo. Nyuma tu ya kibanda cha dereva, boriti ya kulia ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba bisibisi ilipenya bila kulazimishwa. Kipande hicho kilipaswa kukatwa chote na kingine kuungwa mahali pake, na uzito wa matofali ungebebwa na mshono huo. Nilipendekeza tumwite fundi mwingine. Nilipendekeza kwa upole, na upole huo nilikuwa nimeuandaa tangu juzi yake.

"Fundi mwingine yupi?" Kaka akauliza.

"Yeyote mwenye mkono wa kulia."

Shemeji aliacha kukoroga chai.

"Mwalimu," Kaka akasema. Aliniita hivyo kila alipokasirika, ingawa sikuwahi kufundisha. "Mikono ni miwili. Mungu hakuumba wa kushoto kwa ajili ya kushikia kikombe tu."

Kwa wiki tatu alifanya mazoezi juu ya mabaki ya mabati na vyuma vya dirisha. Alikuwa amenieleza zamani kwamba mshono mzuri husikika kabla ya kuonekana: unakaangika kwa sauti moja, kama kitu kilichotumbukizwa katika mafuta yaliyopata moto sawasawa. Siku ya kuunga chasi, Shemeji alishika bati kuzuia upepo, nami nilikuwa nampa Kaka vijiti vya kuchomelea, uso nimeugeuza kwa ajili ya mwanga. Kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia tu. Ulikaangika, ukapasuka, ukanyamaza, ukaanza tena.

Alipomaliza aliomba grenda. Akausaga mshono hadi ukawa laini, kisha akaomba rangi nyeusi, akapaka kabla jua halijatua.

Katika miaka arobaini sikuwahi kumwona akisaga mshono wake. Mishono yake aliiacha wazi ili isomwe, na mwanafunzi aliyekimbilia grenda, Kaka alimuuliza mbele ya wateja anamficha nani.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja, nayo haikuandikwa popote kwa kuwa hakuna aliyeweza kuisahau: aliyeunga ndiye anayekaa chini ya mzigo wa kwanza. Mnara wa tangi ulipojazwa maji mara ya kwanza, aliyeuchomelea aliketi chini yake juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka tangi lijae. Ngazi ya ghorofani ilipopimwa kwa mifuko ya saruji, mhusika alisimama chini ya ngazi. Sijawahi kusoma juu ya bima iliyo rahisi kuliko hiyo, wala katili kuliko hiyo. Kaka mwenyewe alikuwa ameketi chini ya kazi zake zote, na hakuna hata moja iliyowahi kumwangukia.

"Jumamosi tunapakia," alitangaza. Shemeji alikuwa na oda ya ukuta wa shule iliyoko juu ya kilima. "Mtapakia nyinyi. Mimi nitalala chini."

Alhamisi mkewe alimpeleka kliniki kufanyiwa mazoezi ya mkono. Nilibaki peke yangu, na nikafanya jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa karibu na matusi: niliupima mshono wa Cherehani. Kipimo ni chake mwenyewe. Nilikwangua rangi pande zote mbili, nikasaga chaki, nikaikoroga na maji, nikaipaka upande wa nje wa boriti hadi ikakauka na kuwa nyeupe. Upande wa ndani nikapaka mafuta ya taa kwa brashi. Mshono ukiwa mzima, chaki hubaki nyeupe hata ukisubiri siku nzima. Ukiwa na mwanya, mafuta hupenya na kuacha doa.

Nilisubiri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Doa lilianza jembamba kama unywele, likaenda, likaenda, hadi likapata urefu wa kiganja changu.

Nikaifuta chaki. Nikapaka rangi upya. Waliporudi, Kaka alikuwa mchangamfu. Daktari alikuwa amesifu mkono wa kushoto. Sikusema kitu jioni ile, wala Ijumaa. Nimewahi kusoma vitabu vingi vinavyohusu ujasiri, na kazi yangu ilikuwa kuvipanga rafuni kwa kufuata herufi.

Jumamosi saa mbili asubuhi pikapu ilisimama kiwanjani kwa Shemeji, kando ya matofali yaliyokauka. Kaka alitandika gunia, akashuka taratibu, akajisukuma kwa mguu mzima hadi kifua chake kikawa chini kabisa ya mshono. Shemeji alikuwa ananipa tofali moja moja, nami nikiyapanga ndani ya sanduku la nyuma. Nilikuwa nikijiambia kwamba springi ni ngumu, kwamba safu ya kwanza si kitu, kwamba huenda chaki ilikuwa mbovu. Tulimaliza safu ya kwanza. Katikati ya safu ya pili nilisikia mlio mdogo sana kutoka chini, kama wa ukucha unaokatwa.

Nikashuka.

"Kaka," nikasema, "nimeupima."

"Najua," sauti yake ikatoka chini ya gari, shwari kabisa. "Umeacha chaki kwenye kichwa cha bolti. Na hiyo rangi umeipaka kama mtu anayepaka siagi. Naona hata huko maktaba vumbi mlikuwa mnalisogeza tu."

"Basi toka."

"Mimi ndiye niliyeunga. Nakaa."

Shemeji alikuwa amesimama na tofali mikononi. "Mmepima nini?"

Ilinibidi nimweleze mimi: chaki, mafuta ya taa, doa.

"La urefu gani?"

Nilimwonyesha kiganja. Alikitazama kama mtu anayesoma bei. Kisha akaliweka tofali chini, akavua ndala, akazipanga moja kando ya nyingine, akapiga magoti, na kabla sijaelewa anataka nini alikuwa ametambaa chini ya gari hadi bega lake likagusana na la mumewe.

"Unafanya nini wewe?" Kaka akauliza.

"Sogea."

"Mama, toka huku."

"Gari ni la matofali yangu. Kule kilimani mwenye usukani ni mimi, si wewe. Kama mshono unashika, umeshika kwa wote." Akapaza sauti. "Shemeji, pakia."

Sikusogea.

"Pakia, nimesema."

Nililiokota tofali. Nimejiuliza mara nyingi baadaye kama ningeliweka juu, na kila nilipofikia jibu nimeacha kujiuliza. Nilisimama nalo. Nyayo zao nne zilitokeza nje ya gari, mbili zikiwa na viatu.

"Mdogo wangu," Kaka akasema, "weka hilo tofali chini."

"Asiweke," Shemeji akasema. "Kwanza sema wewe. Mshono utashika, hautashika?"

Barabarani pikipiki ilipita, na mtu aliyekuwa juu yake alitugeukia mpaka akafika kona. Mikono ilianza kuniuma kwa uzito wa tofali.

"Hautashika," Kaka akasema.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nilipokuwa naunga. Niliusikia."

"Na ukausaga."

"Nikausaga."

"Na ukaupaka rangi. Na leo umekuja kulala chini yake."

Shemeji akaendelea:

"Ulitaka nikupeleke makaburini na gari gani? Hili?"

"Lisingefika," Kaka akasema.

Hakuna aliyecheka. Lakini nilimsikia Shemeji akivuta pumzi kwa nguvu puani na kuitoa vipande vipande, na nadhani ndicho kilichomwezesha Kaka kuendelea, kwa sababu aliongea kwa muda mrefu kwa sauti ya chini, na sehemu kubwa sikuisikia wala haikunihusu. Nilisikia neno kliniki. Nilisikia akisema kwamba mkono wa kushoto unapotulia haufiki, na unapofika hautulii. Kwamba kila usiku huurudia ule mshono kichwani, na kila mara hutoka sawa. Nilisikia Shemeji akimuuliza kwa nini hakumwambia, na yeye akijibu kwamba alikuwa akitafuta namna ya kulisema iliyo tofauti na kulisema.

Nilipakua matofali peke yangu, tofali moja moja, nikiyashusha polepole kama mayai. Hawakutoka hadi la mwisho lilipogusa ardhi. Kwanza alitoka Shemeji, vumbi la saruji limemjaa mgongoni, kisha akamvuta mumewe kwa mkono ule wa kulia ambao haushiki kitu, naye akaacha avutwe nao.

Shemeji alipiga simu shuleni kusema kwamba oda itachelewa. Nilimsikia akisema ni tatizo la gari, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kaka aliomba chaki. Alichora mistari miwili kwenye boriti, kila mmoja vidole viwili kutoka kwenye mshono, kwa mkono wa kushoto, na mistari ilitoka imepinda. Hakuirudia. Akanipa msumeno wa chuma.

"Fuata ninachomaanisha," akasema. "Usifuate nilichochora."

Nilikata kwa siku nzima na nusu ya iliyofuata, nikivunja meno ya msumeno na kutukanwa kwa kila jino. Alikaa kando yangu muda wote. Kipande kilipoanguka alikiokota mwenyewe, akakigeuza, akautazama upande wa ndani, mahali ambapo chuma kilikuwa kimekutana na chuma bila kushikana. Kisha akatembea nacho hadi kiwanjani, akampa mkewe autazame pia. Shemeji aliufuta mkono wake kwenye nguo kabla ya kukipokea. Alikitazama kwa muda uliotosha.

"Nani anaweza kuunga hapa?" akauliza. "Nani tunayemmudu?"

Kaka akamtaja mwanafunzi wake wa zamani, mmoja aliyefukuzwa karakanani kwa uvivu.

"Si ulisema yule hafai hata kushika koleo?"

"Alikuwa hafai kuamka," Kaka akasema. "Mkono ulikuwa mzuri."

Akaomba simu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, na Shemeji akambonyezea namba.